Muulize Fundi: DVD Inacheza Kwangu, Kwa Mteja Inagoma

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi nashuti video za harusi na ngoma za mwali akitoka huku Tandahimba, hela za korosho zikishatoka kazi zinakuwa nyingi kwelikweli. Juzi nimemkabidhi mama mmoja DVD 5, kwangu zote zinacheza fresh, kwake deki inasema hakuna diski, kwa dada yake zimekubali 3 tu. Naona nyingine zimeandikwa R yenye kistari, nyingine R ya kujumlisha, mbili ni RW. Tofauti nini? Maana mama keshaanza kunitangaza sokoni kwamba mi tapeli.

JIBU: Marahaba, pole sana mdogo wangu. Nakuuliza kitu, ulipomaliza kuchoma uliifunga diski, yani ile hatua ya mwisho programu inaita "finalize", au uliichomoa tu? Wengi wanasahau hapo. Diski isiyofungwa, raita ya kompyuta yako inaisoma vizuri tu kwa sababu yenyewe ndo imeichoma, ila deki ya sebuleni haina huo ujanja, inazungusha weee halafu inatema. Basi anza kuangalia hapo kabla hujalaumu alama.

Haya, alama. Ile -R watu wanaita "R ya kutoa" lakini si kutoa, ni kistari tu, ilianzia kwa Pioneer mwaka 1997. Ile ya kujumlisha ikaja 2002 kutoka kundi lingine lenye Sony na Philips ndani yake. Zote zinabeba giga 4.7, zote zinachomwa mara moja tu, kinachotofautiana ni namna diski inavyoiongoza raita wakati wa kuchoma, na hilo mteja wako halimhusu. Deki za zamani zinaizoea zaidi -R, kwa hiyo kazi ya mteja mi nachoma -R basi. Ukibaki na +R stoo usizitupe, raita nyingi zinaweza kuivalisha +R sare ya diski ya kiwandani, yani deki ikiuliza "we nani" inajibu mi DVD ya dukani. Ila sare inavalishwa wakati wa kuchoma, ukishamaliza umechelewa.

Hizo RW mbili ndo nazishuku kuliko zote. RW inafutika na kuandikwa tena kama mara 1000, lakini inarudisha mwanga kidogo, asilimia 18 mpaka 30, wakati R ya kawaida inaanzia 45 kwenda juu. Sasa mwanga hafifu namna hiyo ndo ule ule wa diski ya tabaka mbili, deki inachanganyikiwa inatafuta tabaka la pili ambalo halipo, na kama lenzi imeshachoka na vumbi ndo kabisaa. Nadhani zile 2 zilizogoma kwa dada mtu ni hizo hizo. RW baki nazo mwenyewe za kujaribia, mteja usimpe.

Halafu hakikisha umechoma kama DVD ya video, yenye folda la VIDEO_TS, sio umekopi mafaili ya mp4 ukaita DVD. Spidi weka 4 au 8 hata kama kasha limeandikwa 16, kwa spidi 4 diski nzima ni kama robo saa, kunywa chai usubiri. Na zile stika za karatasi zenye picha ya mwali achana nazo, joto na unyevu wa huku zinabanduka, diski inayumba ndani ya deki.

Mama wa watu mfuate mwenyewe nyumbani, usitume mtoto. Mchomee zote 5 upya kwa -R, zijaribu kwenye deki yake hapo hapo akiona.

SWALI: Mi niko Lindi mjini. DVD imeandikwa giga 4.7, kompyuta inaniambia 4.37, nimepigwa?

JIBU: Hujapigwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, kompyuta kwa 1024, diski ni ile ile. Kama harusi yako haienei, zipo za tabaka mbili za giga 8.5 ila bei imechangamka na madeki mengi ya zamani yanazikataa, we igawe tu diski mbili, nikaha moja na ukumbini moja.