Maswali yenu: kanisa na vyuo vya Weusi Marekani

Wiki iliyopita niligusia vile vyuo vya Weusi wa Marekani, vile wanaviita HBCU, vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa ajili ya watu ambao vyuo vingine viliwafungia mlango. Nikasema vingi vimelelewa na kanisa. Basi maswali yakamiminika, nachukua haya matano, mengine mtanisamehe.

Mwanangu habari za kazi. Binti yangu kapata nafasi kwenye chuo kimojawapo na kwenye barua kuna jina la kanisa. Sisi ni Waislamu. Hawatamlazimisha kubatizwa? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama, na hongera sana. Hapana, habatizwi mtu. Jina la kanisa halimaanishi ni chuo cha kufundisha mapadri, wengi wanasoma biashara, uuguzi, kompyuta. Mfano Xavier kule New Orleans, ndo chuo pekee cha Wakatoliki kwenye kundi lote hili, kilianzishwa na masista wa Katharine Drexel, lakini ukikitaja watu wanachofikiria kwanza ni madaktari na wafamasia. Kinachotofautiana ni uzito. Oakwood, Huntsville, ni cha Wasabato, na Sabato inashikwa kwelikweli, Ijumaa jua likizama mambo yanasimama (ila nguruwe Wasabato hawali, kwa hiyo hilo usilale unaliwaza). Kwingine kanisa limebaki kwenye nembo na kwaya tu. Mwambie binti aandike imeili aulize kitu kimoja: kuhudhuria ibada ni lazima au hiari? Aulize kabla hamjalipa chochote.

Kwa nini kila chuo hadithi yake inaanzia chini ya kanisa?

Si kila chuo, ila nakuelewa. Sasa wangeanzia wapi? Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani imeisha 1865, watu kama milioni nne wametoka utumwani, na majimbo mengi ya kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai, yaani shule hakuna, ardhi hakuna, jengo pekee ambalo jamii inaweza kusema hili letu ni kanisa. Morehouse ilianza 1867 kwenye chumba cha chini ya sakafu ya kanisa la Springfield Baptist mjini Augusta, ndo baadaye ikahamia Atlanta. Spelman ilianza Aprili 1881 chini ya Friendship Baptist, Atlanta, walimu wawili wanawake kutoka Massachusetts, Sophia Packard na Harriet Giles, wana dola 100 walizopewa na kanisa moja la Medford, na wanafunzi 11. Na hao 11 usiwaone kama watoto wa shule, wengi walikuwa watu wazima waliopitia utumwa, wanachotaka ni kusoma Biblia kwa macho yao na kuandika barua. Hebu mchukulie mmoja, mama wa makamo, kashika kalamu vidole vimekakamaa, anaikokota herufi ya kwanza ya jina lake, na sakafu ya kanisa iko juu ya kichwa chake. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo.

Hayo makanisa yalikuwa ya Wazungu au ya Weusi wenyewe?

Yote mawili, na tofauti ilionekana. Wamisionari wa American Missionary Association walianzisha Fisk, Hampton, Tougaloo na vingine, walijitoa kweli, siwabezi, lakini funguo walibaki nazo wao, mpaka 1925 wanafunzi wa Fisk wakagoma kwa sababu ya sheria za rais wa chuo, Mzungu, na yule rais akaondoka.

Upande wa pili kuna AME, kanisa la Weusi wenyewe. Askofu Daniel Payne alinunua chuo cha Wilberforce, Ohio, mwaka 1863 kwa dola 10,000 vita bado inapigwa, na jengo likaungua usiku uleule Rais Lincoln alipopigwa risasi, wakajenga upya. Halafu kuna hii ya Atlanta naipenda kuliko zote: waumini wa Big Bethel waliombwa wachangie samani za chumba kwenye chuo cha jirani, inasimuliwa kwamba mmoja akauliza, kama tunaweza kuwawekea wengine samani, kwa nini tusijenge chetu? Ndo Morris Brown hiyo, 1881. Mwaka 2002 ikanyang'anywa ithibati baada ya vurugu za pesa, wanafunzi wakatawanyika karibu wote, ithibati ikarudi 2022. Miaka ishirini chuo hakina ithibati na hakikufa, tena chuo chenyewe kimewahi kuwa mufilisi!

Kanisa bado linatoa hela au ni jina tu?

Linatoa. Wamethodisti (United Methodist) wana mfuko tangu 1972 unaosaidia vyuo 11, hela inatoka kwa waumini. Haitoshi kuendesha chuo, wala usidanganyike.

Kanisa si ndo linalowapoza vijana wasidai haki? (Dodoma)

Wakati mwingine ndiyo, sikatai. Ila angalia mji wa Greensboro, North Carolina, 1958. Martin Luther King anatafutiwa pa kuhutubia, kila ukumbi unaogopa. Aliyekubali ni Willa Player, rais wa Bennett, chuo cha wasichana cha Wamethodisti, akampa kanisa la chuo. Vyuo vya serikali visingeweza, maana gavana ndo mwenye mfuko, 1960 Alabama State ilifukuza wanafunzi tisa waliokaa mgahawani kudai huduma, kwa shinikizo la gavana. Askofu naye anaweza kuwa mkali, lakini mshahara wake hautoki kwa gavana.

Na wewe unayeuza kava za simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, uliyesema haya mambo hayatuhusu: huyo Aggrey ni James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), alisomea Livingstone College, North Carolina, chuo cha AME Zion, kanisa jingine la Weusi wenyewe, akafundisha hapohapo miaka kama ishirini, na mwaka 1924 akafika Dar na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Na hiyo Livingstone kwenye jina la chuo, ni yuleyule wa Ujiji.