Maswali ya Wasomaji: Chupa ya Bure Inayolipiwa Kila Mwezi

SWALI: Baada ya salamu, naomba msaada. Miezi mitatu iliyopita niliona mtandaoni tangazo la vidonge vya virutubisho vya kutuliza maumivu ya viungo. Chupa ya kwanza ilikuwa ya bure, nami nilitakiwa kulipia usafirishaji tu kwa kadi ya benki. Chupa ilifika, nikaitumia, sikuona nafuu, nikaiweka kando. Juzi, nilipopitia taarifa ya akaunti yangu, nilikuta nimekatwa fedha nyingi mara tatu, na aliyezichukua ni kampuni nisiyoijua hata kwa jina. Nilipowapigia simu walinijibu kwamba nilikubali mwenyewe. Nilikubali lini? Na sasa nifanye nini?
Jina limehifadhiwa

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Kwanza nakuomba usijilaumu, kwa maana ukurasa ule ulitengenezwa na watu wanaojua vizuri jicho la msomaji hutua wapi na hupita wapi bila kusoma. Hicho unachoambiwa ulikikubali huwa kimeandikwa katika mstari mmoja wa herufi ndogo za kijivu, ama chini ya kitufe cha kuagiza, ama ndani ya ukurasa wa vigezo na masharti ambao haufunguki mpaka uubofye. Mstari huo kwa kawaida husema kwamba chupa ni ya majaribio, kwamba usiposimamisha oda ndani ya siku 14 utatozwa bei kamili, na kwamba kuanzia hapo utatumiwa chupa mpya na kukatwa fedha kila mwezi. Juu yake neno BURE limeandikwa kwa herufi nene, na kando kuna saa inayohesabu dakika kumi za mwisho za ofa. Ukiufunga ukurasa huo na kuufungua upya, mara nyingi utaikuta saa ileile imeanza tena kwenye dakika kumi, kwa sababu kazi yake ni kukuharakisha usisome.

Hizo siku 14 nazo zina hila yake. Mara nyingi huhesabiwa tangu siku uliyoagiza, si siku uliyopokea mzigo, kwa hiyo mzigo ukikaa njiani siku kumi, umebakiwa na siku nne za kujaribu kidonge ambacho muuzaji mwenyewe amekuambia ukimeze mwezi mzima ndipo uone matokeo. Yeye anajua kwamba siku ya mwisho itapita ukiwa bado unasubiri maumivu yapungue. Jina geni uliloliona katika taarifa ya benki pia halikutokea kwa bahati mbaya: wafanyabiashara wa namna hii husajili majina kadhaa, ili jina moja likizuiwa na benki kwa wingi wa malalamiko, mengine yaendelee kupokea fedha.

Kuhusu la kufanya, mwandikie muuzaji barua pepe moja fupi, ukimweleza kwamba umesimamisha oda zote zijazo na kwamba umeondoa ruhusa ya kukatwa fedha, kisha uhifadhi nakala. Usikubali kuvutwa katika mazungumzo marefu ya simu. Huko utaahidiwa kubaki na chupa kwa nusu bei, na ukiitikia tu, kesho atasema kwamba mlikwisha kuelewana. Siku hiyohiyo wasiliana na benki yako na uupinge kila muamala mmoja mmoja, ukieleza kwamba hukuarifiwa waziwazi juu ya makato ya kila mwezi, na uambatanishe picha ya tangazo kama bado unaweza kuipata. Usichelewe, kwa kuwa muda wa kupinga malipo ya kadi una kikomo. Watu wengi huishia kuomba kadi mpya wakidhani yamekwisha, lakini mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, ina utaratibu wa kuwapelekea wauzaji namba mpya ili malipo ya kawaida yasikatike, na tapeli naye hunufaika na utaratibu huohuo. Kwa hiyo iombe benki imzuie muuzaji mwenyewe, pamoja na kukubadilishia kadi.

Wakikurudia na neno lao kwamba ulikubali, ujue kwamba kuna sheria zinazolikataa. Marekani, tangu mwaka 2010, inamtaka anayeuza mtandaoni kwa makato ya kujirudia aeleze masharti yote muhimu waziwazi kabla ya kuchukua namba za kadi, apate ridhaa ya dhahiri ya mteja, na aweke njia nyepesi ya kujitoa. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, haumruhusu muuzaji kudai malipo ya nyongeza kwa kisingizio cha kisanduku alichokitia alama ya vema yeye mwenyewe kabla mteja hajafika. Hata kama sheria hizo haziihusu oda yako, hoja yake ni nzuri kuitumia mbele ya benki: ridhaa iliyofichwa si ridhaa.

SWALI: Mdogo wangu wa kike anatumia vidonge vya kupunguza uzito alivyonunua mtandaoni. Lebo inasema ni mimea asilia kwa asilimia 100 na kwamba vimeidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Amepungua kweli, lakini moyo unamwenda mbio na usiku hapati usingizi. Muuzaji anamwambia kwamba hizo ni sumu zinatoka mwilini. Je, ni kweli?
Dada mwenye wasiwasi

JIBU: Si kweli, dada yangu, na mdogo wako aache kuvimeza leo, kisha aende kwa daktari akiwa na chupa yenyewe mkononi. Ni maabara tu inayoweza kusema ndani yake mna nini, lakini dalili unazozieleza zinafanana na jambo linalojulikana. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito mpaka ilipoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti kuonyesha kwamba iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa watu wenye maradhi ya moyo. Tangu hapo mamlaka za dawa zimeikuta mara nyingi ndani ya vidonge vinavyouzwa kama mimea mitupu, na lebo haiitaji popote.

Maneno kuhusu FDA nayo ni ya uongo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho haviidhinishwi na mamlaka hiyo kabla ya kuuzwa, na kiwanda kusajiliwa nayo si idhini ya kidonge. Anayekuonyesha muhuri wa idhini hiyo kwenye kirutubisho amekwisha kukudanganya kabla hujafungua kifuniko. Lakini linaloniumiza zaidi ni hilo la sumu zinazotoka, kwa kuwa linaigeuza dalili ya hatari iwe ushahidi wa kupona, na kadiri mgonjwa anavyozidi kuumia ndivyo anavyoamini kwamba dawa inafanya kazi, akaongeza kumeza.

SWALI: Muuzaji akionyesha mamia ya maoni ya nyota tano na utafiti wa kisayansi, hilo halitoshi kumwamini?

JIBU: Halitoshi. Maoni hununuliwa na kuuzwa kama bidhaa nyingine, kiasi kwamba mwaka 2024 FTC, tume ya Marekani inayowalinda walaji, ilitoa kanuni mahususi ya kuyapiga marufuku maoni ya kughushi. Kuhusu utafiti, uliza ni watu wangapi waliopimwa na nani aliyelipia. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti kwamba dondoo la kahawa mbichi hupunguza uzito, na wauzaji wa mtandaoni wakaunukuu kila mahali. Waliopimwa walikuwa 16 tu. Mwaka 2014 kampuni iliyougharamia ilikubali kulipa dola milioni 3.5 katika shauri la FTC, na mwaka huohuo waandishi wa utafiti wakauondoa kwa sababu waliougharamia hawakuweza kuthibitisha takwimu zake.