Pixies waliponda­wa, Slowdive wakapokelewa, kwa nini?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mpenzi wa roki wa siku nyingi hapa Nairobi na kuna kitu kinanisumbua. Pixies, ile bendi ya roki ya Marekani, walirudi na Indie Cindy 2014, albamu yao ya kwanza tangu 1991, watu wakaiponda balaa. Slowdive, bendi ya Uingereza, nao wakarudi 2017 baada ya miaka 22 bila albamu, watu wakalia kwa furaha. Wote wakongwe, wote walivunjika, wote wamerudi na mvi kichwani. Sasa hawa wasikilizaji wanatumia mizani gani? Mimi Indie Cindy naipenda jamani.

JIBU: Ipende tu ndugu yangu, Greens and Blues uliomo humo ni wimbo mzuri kabisa na mtu asikutishe. Ila ukiangalia hizo albamu ziliwafikiaje watu, utaona isingewezekana zipokelewe sawa.

Anza na Kim Deal. Yule mama ndo alikuwa anapiga besi Pixies, na ile sauti yake nyepesi ya nyuma, kama anaongea vile, ndo ilikuwa inapoza makelele ya mwimbaji wao Black Francis. Bendi ilirudiana 2004, ikazunguka dunia miaka na miaka inapiga nyimbo zile zile za zamani, mwisho wakaingia studio kule Wales kurekodi mpya na Kim akaondoka kazi ikiwa katikati. Juni 2013 wakatangaza kaondoka, wiki mbili baadaye wakaachia wimbo wa Bagboy bure mtandaoni. Hebu isikilize tena Bagboy na hedfoni. Kuna sauti nyembamba inamjibu Black Francis kwenye kiitikio, watu kibao wakasema si huyu hapa Kim, kumbe ni mwanaume, anaitwa Jeremy Dubs. Mtu umeshaumia kwamba Kim hayupo halafu unawekewa sauti inayofanana na yake, lazima roho ikuume mara mbili.

Halafu wakaanza kutoa nyimbo kwa mafungu, nne nne, Septemba 2013, Januari, Machi, na fungu la kwanza tu Pitchfork, tovuti ya uchambuzi wa muziki, wakalipa alama 1 kati ya 10, ambayo mimi naona ni uonevu. Aprili 2014 wanakuja kuzikusanya ziwe albamu watu walishazisikia, walishagombana, walishachoka. Hakukuwa na ile siku ya kukaa na kitu kipya mwanzo mpaka mwisho.

Slowdive historia yao tofauti kabisa. Hawa vijana wa Reading walidhihakiwa na magazeti ya Uingereza wakiwa bado wadogo, mchambuzi mmoja wa Melody Maker aliandika heri azame kwenye beseni la uji kuliko kuisikiliza tena Souvlaki, albamu ya 1993 ambayo leo watu wanaiabudu. 1995 wakatoa Pygmalion, lebo yao ikawatema, basi, kwisha. Miaka mingi baadaye watoto wa intaneti ndo wakaja kuikuta ile Souvlaki wenyewe bila kuambiwa na gazeti lolote. Kwa hiyo 2017 waliokuwa wanasubiri wengi wao hawakuwahi kuwaona enzi zile, hawakuwa na kumbukumbu ya kulinda, walikuwa na kiu tu. Na waliorudi ni wale wale watano wa Souvlaki, Rachel Goswell na Neil Halstead bado wanaimba pamoja, hakuna pengo hata moja. Slomo, wimbo unaofungua albamu ya 2017, inaanza, gitaa linazunguka taratibu weee kabla mtu hajafungua mdomo, na hakuna aliyelalamika.

Waliokulia kwenye muziki wa dansi wanalielewa hili, bendi ya Sikinde ilipoanza 1978 na wanamuziki kutoka Dar International watu walibishana nani kaenda wapi kabla hata ya kubishana nyimbo. Msikilizaji anamfuata mtu. Hapo kwa Kim mimi niko upande wa waliolalamika, ila kuzikataa nyimbo zote kwa sababu yake hapana, kuna nzuri zimezikwa bure pale.

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 kawapata Slowdive TikTok na anasema albamu yao ya 2023, Everything Is Alive, ndo kali kuliko zote. Ni kweli au ushabiki wa kitoto? Mama wa Arusha.

JIBU: Shikamoo mama. Ushabiki wa kitoto si kweli, Everything Is Alive ilifika namba 6 Uingereza, huko juu hawakuwahi kufika ujanani, na vijana kama binti yako wana mchango mkubwa hapo. Ni albamu nzito pia, wameitoa kwa heshima ya mama yake Rachel na baba yake Simon Scott mpiga dramu, wote walifariki 2020. Mimi bado naipenda zaidi ile ya 2017 kwa sababu magitaa yamejaa, hii ya 2023 imeegemea sinthesaiza na ina utulivu mwingi. Mwambie akuwekee Shanty, ndo inafungua albamu, sauti juu, mkimaliza mwekee wewe Slomo mbishane vizuri.