Asante: tunashukuru au tunasifu?

SWALI: Ninasoma Kiarabu. Kila nikijibu sawasawa, ustadhi huniambia "ahsanti", lakini kaka yangu akijibu, ustadhi humwambia "ahsanta". Ananishukuru kwa lipi? Na kwa Kiswahili niandike asante au ahsante? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hakushukuru, dada, anakusifu. Kwa Kiarabu hiyo ni sentensi nzima: "umefanya vyema". Mzizi wake ni h-s-n, wenye maana ya uzuri. Ile a- ya mwanzo inageuza "kuwa -zuri" kuwa "kutenda uzuri", na silabi ya mwisho inamtaja mtendaji: -ta kwa mwanamume, -ti kwa mwanamke. Wanaume wakiwa zaidi ya wawili huambiwa ahsantum.

Kiswahili kililipokea neno zima bila kujali viungo vyake. Kwetu -te haina jinsia wala hesabu, ndiyo maana tulipotaka wingi tukabandika -ni yetu wenyewe, ile ya karibuni na kwaherini. Kwa hiyo asanteni ni sahihi kabisa, hata Mwarabu akishangaa. Kosa ni kumwambia mtu mmoja asanteni.

Maana ilihama, ila haikwenda mbali: aliyekutendea jema ukimwambia "umefanya vyema", umekwisha kumshukuru. Siku hizi neno limekuwa hata nomino. Katika methali "asante ya punda ni mateke", sifa haimo tena. Kilichobaki ni malipo ya wema. Lakini msikilize mwalimu anayemwambia mwanafunzi aliyejibu, "Asante, kaa." Hapo sifa ya zamani bado inachungulia.

Ndugu zake unao kila siku: hisani, Muhsin, Hassan, na Hussein, ambalo ni umbo la udogo la Hassan. Shukrani hazimo katika ukoo huu. Mzizi wake ni sh-k-r. Ukinunua kitu Muscat kwa muuzaji asiyejua Kiswahili, sema "shukran", maana "ahsant" anaweza kuisikia kama pongezi. Nao Waasante wa Ghana wamefanana nasi kwa sauti tu.

Tahajia: h hiyo ni ya kooni, ح, na h kufuatwa papo hapo na s hakukai vizuri katika silabi za Kiswahili, ndipo wengi wakaidondosha. Asante na ahsante zote zinakubalika; mimi ningechagua asante, mradi usichanganye katika andiko moja. "Hasante" ni kosa: h imehamia pasipo pake.