Kabla Hujabonyeza Kitufe Chekundu, Sikiliza Chumba

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, shikamoo. Nimejichanga miezi sita, nimenunua maiki ya laki tatu na nusu, stendi na taa. Jumamosi mgeni wangu wa kwanza anakuja turekodi podikasti. Kuna nilichosahau?" Nikamuuliza, umeshakisikiliza chumba? Akajibu, "Kukisikiliza kivipi?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, dakika ya sita nikakata. Bora niandike, maana wenye swali kama lake ni wengi.

Nianze na kipindi changu mwenyewe cha kwanza, ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

Mwaka 2019 babu yangu, mdogo wake babu mzaa mama, alikuja Dar kutibiwa macho akafikia kwetu Mbagala. Ujana wake aliufanyia kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA. Reli ile ilianza kujengwa 1970 ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Yeye alikuwa kipande cha Mlimba kwenda Makambako, kule milimani ambako mahandaki na madaraja yanafuatana. Mimi wakati huo nilishachagua jina la podikasti na kava nilishachorewa. Nilitaka wazee waliojenga vitu tunavyovipita kila siku bila kuuliza nani alivijenga. Nikasema, Mungu ameniletea mgeni hadi sebuleni.

Asubuhi tukakaa kwenye chai na mihogo. Babu akaanza mwenyewe. Akanionyesha namna msimamizi wake Mchina alivyomfundisha kuhesabu hadi kumi kwa mkono mmoja tu, kwa sababu lugha haikuwepo kati yao na kelele za mashine zilikuwa kubwa. Sita, akasema, ni hivi: kidole gumba na cha mwisho vinasimama, vile vitatu vya katikati unavikunja. Akaushika mkono wangu akanikunja vidole mpaka nikapatia. Akaja kwenye siku ya handaki, maji yalivyoanza kuchuruzika ukutani na walivyotoka mbio gizani wameshikana mashati. Nilisikiliza karibu saa nzima, mihogo ikapoa. Simu ya kurekodia ilikuwa chumbani kwenye chaji.

Mchana ndiyo nikarekodi. Nikaiweka simu juu ya stuli, pangaboi linazunguka maana joto lilikuwa kali, tukaongea saa moja na nusu. Tukiwa tunaongea mtu akapiga, nikaikata haraka bila kuangalia kioo. Usiku nikafungua faili. Dakika 14. Simu ilipoingia, programu ilisimama na haikuendelea. Na hizo dakika 14 zenyewe, sauti ya babu iko chini ya pangaboi kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto.

Kesho yake nikamwambia, "Babu, samahani, tuanze upya." Akaniangalia. "Si nilishakusimulia, mjukuu wangu?" Alikubali kwa upendo tu. Handaki likaisha kwa sentensi nne, na mkono uliohesabu ukabaki umelala gotini. Wiki ile akarudi Ifakara, na mwaka uliofuata akafariki.

Sijawahi kuliandika hili mahali popote. Juzi nimepakia kipindi cha 50, watu wananipongeza, na mimi bado ningebadilisha vipindi vyote 50 kwa saa ile moja ya chai.

Kwa hiyo ukiniuliza maandalizi ni nini, nitakwambia ni masikio. Siku moja kabla ya mgeni, ingia chumba utakachorekodia, funga mlango, kaa kimya dakika tano nzima, saa ileile ambayo mgeni atakuwepo. Utasikia friji. Utasikia genge la jirani, bodaboda kwenye kona, muuza maji na kipaza sauti chake. Kisha piga kofi moja. Ukisikia mlio unabaki hewani, chumba kina mwangwi, na vigae na kuta tupu ndizo zinazouleta. Tundika blanketi zito nyuma ya maiki na jingine nyuma ya mgeni, au simamisha godoro ukutani. Kanga watu wanazisifu sana, lakini ni nyepesi, hazizuii kitu. Chumba cha kulala kilichojaa nguo kinaishinda sebule ya vigae, hata kama sebule ndiyo inayopendeza kwenye picha.

Sisi Mbagala tunapata utulivu kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu mchana, watoto wakiwa shule na watu wamejilaza, halafu adhana ya Alasiri inakuja. Kwenu tafuta saa yenu. Na kama bati halina dari, masika usimwite mgeni kabisa.

Halafu rekodi dakika moja. Dakika moja tu, ukiongea kwa sauti yako ya kawaida, na uisikilize kwa hedifoni mpaka mwisho. Simu iwe kwenye alama ya ndege. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kama ile sita ya babu, gumba kwenye mdomo na kidole cha mwisho kwenye maiki. Isogeze pembeni kidogo, kwa sababu ukisema "pamoja" au "baba" pumzi inaipiga moja kwa moja na kutoa kishindo. Kwenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, sauti ikipanda sana iishie kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Ikigonga sifuri imeshapasuka, na hakuna fundi atakayeishona. Angalia na nafasi pia: ukirekodi WAV ya kawaida, yaani faili la sauti isiyobanwa, 44.1 kHz kwa maiki moja, saa moja ya kurekodi inakula MB 300 na ushee. Ukishasikiliza, rekodi dakika nyingine, sikiliza tena.

Vifaa? Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, ya waya, inatosha kuanzia. Vipindi vyangu 11 vya mwanzo nilivirekodi nayo. Kava, muziki wa kuingilia, mahali pa kupakia, hayo yana siku yake. Ila walio Tanzania wasome Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake, waulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kama wanahitaji leseni na ni ipi, kabla ya kupakia na si baada.

Sasa niseme lililo moyoni. Vijana wengi mnaheshimu maiki kuliko mgeni. Mnapiga picha maiki ikiwa bado kwenye boksi, mnaitangaza, na mtu anayekuja kuwapa maisha yake mnamkalisha kwenye kiti cha plastiki kinacholia kila akijigeuza. Mgeni ametoka kwake. Ameacha kazi, amepanda daladala mbili. Mpe kiti kisicholia, mpe maji, muombe ruhusa ya kumrekodi, mwambie itachukua muda gani. Na nakusihi, usimruhusu akusimulie kabla. Akianza kwenye chai mwambie kwa adabu, "Hiyo naitaka sana, naomba uniwekee." Mzungumzishe njia, mvua, bei ya mchele. Hadithi ya mtu inatoka ikiwa nzima mara moja, mara ya pili anakupa muhtasari, na huna haki ya kumlaumu. Mkishakaa, mtazame mgeni, lakini kila baada ya dakika chache tupa jicho uone kama namba za muda wa kurekodi zinatembea. Kila baada ya dakika chache. Usione aibu.

Jana usiku kijana wa Morogoro alinitumia dakika yake. Maiki ni nzuri kweli, inasikia kila kitu: friji iko hapo, na nyuma yake mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Nimemwambia ahamie chumba cha mama yake, kile chenye kabati la nguo, azime friji, na funguo zake aziweke ndani ya friji ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mashine ya kusaga ameenda kuuliza mwenyewe. Jumamosi wanafunga saa sita. Mgeni anafika saa nane. Mama ameshakubali, na ametoa mablanketi mawili.