Re: Redio kaseti ya zamani, sauti inafifia yenyewe

Ssebo pole. Umesema inaanza vizuri halafu sauti inafifia pole pole, spika ya kushoto kwanza, na ukiigonga juu inarudi. Hiyo ya kurudi ukigonga ndo inasema kila kitu, spika hazijafa, kuna mahali mguso wa umeme umechafuka au solda imepasuka.

Chomeka hedifoni kwanza. Kama huko sauti haififii basi shida huenda ni tundu lenyewe la hedifoni, kuna vibati ndani vinavyokata spika ukichomeka na vikishika kutu vinabaki vimekata nusu, chomeka chomoa mara ishirini hivi uone. Kama inafifia hata kwa hedifoni, zima, chomoa umeme, toa mawe (betri), fungua, pulizia ile dawa ya kusafisha miguso ya umeme kwa kitufe cha volyumu na swichi ya redio/kaseti, halafu zungusha na kusukuma mara nyingi. Usisahau ile swichi ndefu ya kurekodi iko kwa bodi, mafundi wengi wanairuka na mimi yangu ilikuwa hiyo hiyo! WD-40 ya kawaida wacha, inaacha mafuta yanashika vumbi.

Ikififia kwa kaseti tu, redio iko sawa, hiyo ni hedi chafu (kile kichwa kinachosoma kanda), pamba na spiriti inatosha.

Na kama unatumia mawe jaribu umeme wa ukuta, mawe yakichoka sauti inashuka hivyo hivyo, ila hayo hayaleti upande mmoja kufa peke yake.