Kutambua miti Karura, na haki ya mwananchi kuingia msituni

Ndugu uliyeuliza, umetaka kujua mambo mawili: mtu asiyejua miti aanzie wapi ikiwa anatembea katika msitu wa Karura, jijini Nairobi, mwishoni mwa juma, na kama mwananchi wa kawaida ana haki ya kuingia katika msitu wa serikali au anaingizwa kwa hisani tu. Nimetembea Karura kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa na vijana wa mtaani kwetu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona yakifaa.

Kwa upande wa miti, ningekushauri uanzie Arboretum ya Nairobi, yaani bustani ya miti ya jiji, kabla ya kwenda Karura. Bustani ile ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu aina za miti inayokua upesi, kwa kuwa treni za wakati huo ziliendeshwa kwa kuni na misitu ya asili ilikuwa ikiisha. Ina ukubwa wa hekta 30 hivi, na miti mingi imewekewa vibao vyenye majina ya kisayansi. Chagua miti mitano au sita tu, iangalie vizuri, kisha uende ukaitafute Karura ambako hakuna wa kukuonyesha. Anayetaka kujua miti yote kwa siku moja hurudi nyumbani akiwa na picha nyingi katika simu na asikumbuke hata mti mmoja.

Ukifika Karura, jizoeze kugeuza jani na kutazama upande wake wa chini, kwa maana hapo ndipo miti mitatu muhimu ya msitu ule inapofanana na hapo hapo ndipo inapotofautiana. Muhugu, mukinduri na mutamaiyu yote ina majani ya kijani iliyokolea juu na rangi iliyopauka chini, na wengi huichanganya. Mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwituni, huutambua kwa sababu majani yake ni membamba, yamechongoka, na huota mawili mawili yakitazamana kwenye kitawi. Muhugu na mukinduri majani yake hupishana. Jani la mukinduri ni pana, lina kikonyo kirefu, na upande wa chini unang'aa kama fedha, na ukilisogeza karibu na jicho utaona vidoadoa vya rangi ya kutu. Jani la muhugu ni jembamba zaidi, gumu, na upande wake wa chini una weupe wa kijivu usiong'aa. Ukishaweza kuitenganisha miti hiyo mitatu, sehemu kubwa ya msitu wa asili wa Karura itakuwa imefunguka kwako, kwa kuwa utaikuta kila upande unaogeukia.

Muhugu unastahili usimame kidogo uutazame. Hukua polepole mno, mbao zake ni ngumu na nzito, na haziliwi na mchwa kwa urahisi, ndiyo maana umekatwa sana kwa ajili ya nguzo, sakafu na vinyago. Jina lake la kisayansi ni Brachylaena huillensis, na utaukuta tena pwani, katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Unapouona muhugu mnene Karura, fahamu kwamba ulikuwapo muda mrefu kabla ya nyumba za mitaa jirani ya Muthaiga na Gigiri, na mche utakaopandwa leo badala yake hautafikia unene huo katika maisha yetu.

Pua nayo husaidia. Okota jani bichi la mueri lililoanguka, lifikiche, nawe utasikia harufu ya lozi. Kikonyo chake mara nyingi kina wekundu. Gome la mueri huuzwa nje ya nchi kwa dawa za tezi dume, na kwa sababu ya kuchunwa ovyo, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995. Muthiga pia umeumizwa kwa kuchunwa magome, kwa kuwa ni dawa ya kikohozi inayojulikana nyumba nyingi. Watu watakuambia kwamba muthiga hutambuliwa kwa kutafuna jani lake, ambalo huwasha kama pilipili, na ni kweli. Lakini mwanafunzi wa miti asionje jani la mti ambao hajaujua bado, kwa sababu mti wa sumu ya mishale nao humea katika misitu mikavu ya ukanda wetu.

Kwa miti mirefu ambayo majani yake huyafikii, tazama chini. Matunda ya mukinduri ni ya kijivu, magumu, na ndani yana mbegu tatu. Murarachi huangusha matunda yenye chunusi-chunusi yanayopasuka sehemu tano, na unapochanua maua yake ya waridi utauona kutoka mbali. Mwerezi, ambao wengi hapa huuita mutarakwa, hutambulika kwa gome linalobanduka kwa vipande vyembamba virefu. Mikaratusi na miti mingine ya kigeni iliyopandwa kwa mistari utaijua bila msaada wa mtu, na mimi ni mmoja wa wanaounga mkono kuiondoa kidogo kidogo na kurudisha ya asili, mradi kazi hiyo ifanywe mbele ya macho ya umma na kila eneo lililokatwa lipandwe.

Piga picha nne kwa kila mti: umbo lote, gome, jani pande zote mbili, na tunda au ua. Programu za simu za kutambua mimea hukosea sana zikipewa picha moja ya jani. Andika pia jina la kisayansi, kwa kuwa majina ya Kigikuyu niliyoyatumia hapa hayatakufaa ukienda Kakamega au Taita.

Sasa kuhusu haki ya kuingia. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinauhesabu msitu wa serikali kuwa ardhi ya umma, ambayo serikali ya kitaifa inaishikilia kwa niaba ya wananchi. Hiyo ndiyo nguzo ya jibu langu: huingii Karura kwa hisani ya mtu. Hata hivyo, kuwa mali ya umma hakumaanishi kuingia bila utaratibu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaliachia Shirika la Misitu, yaani KFS, kusimamia kuingia na kutoka, inaruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi, na inakataza kukata au kuondoa mazao ya msitu bila kibali. Lipa ada ya kuingia, fuata njia zilizowekwa, na majani unayojifunzia yawe yale yaliyokwisha kuanguka. Ada yenyewe naona iwekwe mahali ambapo familia ya mtaa wa Huruma au Mathare inaweza kuilipa bila kuacha mlo, maana msitu wa umma ukiwa wa wenye magari pekee, katiba itakuwa imebaki kwenye karatasi.

Usisahau pia kwamba lango la Karura halikufunguka lenyewe. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawiwa wajenzi wa binafsi, na tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alijeruhiwa kichwani na walinzi alipokwenda na wenzake kupanda mti langoni. Agosti mwaka huo serikali ilitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Hata baada ya hapo watu waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi, hadi jamii jirani ziliposhirikiana na KFS kuweka ua na walinzi. Wanaodai kwamba ua unawafungia watu nje hawakumbuki hali ilivyokuwa: kabla ya ua, mwanamke hakuthubutu kutembea mle peke yake.

Nje ya misitu ya umma mambo hubadilika. Shamba la mtu, hata likiwa na miti mizuri na halina ua, linalindwa na sheria ya kuingia kwa jinai, kwa hiyo omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kuvuka. Misitu mitakatifu ya Wamijikenda pwani, iitwayo kaya, ambayo kadhaa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, iko chini ya wazee, na kuna sehemu ambazo mgeni haingii kabisa. Kaya Kinondo, huko Kwale, hupokea wageni: utafungiwa kaniki, utapewa mwenyeji wa kukuongoza, na yeye ndiye atakayekuambia ni mti gani unaoruhusiwa kuugusa.